Nanga Kwenye Kibanja cha Ma Kokugonza

Siku waliponiaga kazini walinipa redio, blanketi na hotuba. Redio inashika stesheni moja, blanketi ni zuri, hotuba nimekwisha kuisahau. Katika wote waliosema siku ile hakuna aliyegusa swali ambalo Audax, mwenzangu wa miaka mingi na sasa nahodha badala yangu, amekuwa akiniuliza. Kwa nini niliwafundisha wote kutia nanga mbele ya ule mti wa mlamula uliosimama majini, nikiwaambia hakuna mahali ziwani panaposhika kama pale, halafu karibu na kustaafu nikawakataza kabisa? Kila mara nilimjibu kwamba ataelewa akikua. Audax ni baba mkwe wa mtu. Nimeona haya, nimeamua kumwandikia yeye na wengine mtakaoshika usukani baada yake.

Jibu linahusu mwanamke aliyetaka kuzikwa kando ya mume wake, wakati mume wake yuko chini ya maji. Lakini nikianzia hapo mtasema mzee ameanza kuona mambo. Afadhali nianze na kazi yenyewe, ndipo mjue kwamba macho yangu ni mazima.

Ziwa letu si kubwa. Mtu wa Muleba, aliyezoea ziwa kubwa, akiliona huuliza lingine liko wapi. Lakini lina matope yasiyo na mwisho, lina mafunjo yanayotembea, na lina upepo wa asubuhi unaotoka upande wa Kyerwa bila kumwarifu mtu. Mashua ya ushirika wetu ilibeba ndizi na kahawa za watu wa Kiruruma na Ndama, maharage, akina mama wa kliniki, maharusi na, mara nyingi kuliko nilivyopenda, majeneza. Ilikuwa na tanga moja lenye viraka vya kila rangi. Injini imekuja juzi tu, na tayari imekwisha kupelekwa kwa fundi Kayanga.

Aliyenipokea kazini ni mzee Ishengoma, Mhaya aliyekulia kwenye mashua za ziwa kubwa, mtu mfupi mwenye mdomo usiokosa kahawa ya kutafuna. Nilimkuta gatini amekaa juu ya tairi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unajua kuogelea?"

Nikasema kwa majivuno kwamba najua.

"Vibaya," akasema. "Anayejua kuogelea hafungi kamba vizuri. Kuanzia leo jifanye hujui."

Siku nzima ile sikugusa tanga wala usukani. Nilifunga na kufungua kamba moja kwenye nguzo moja mpaka viganja vikachubuka, naye akitafuna kahawa na kutema maganda upande wangu. Jioni akanipa somo ambalo nimelirudia kwa kila niliyemfundisha. Mashua haifiki gatini, inaletwa. Unakuja ukiikabili njia ya upepo, unashusha tanga mapema kuliko unavyodhani, unaiacha mashua itembee na pumzi iliyobaki. Ikikaribia, mtu wa omo, yaani mbele, anaanza na kamba ya upande upepo unakotoka, maana hiyo ndiyo itakayobeba uzito. Halafu ya nyuma. Matairi yananing'inizwa ubavuni kabla, si baada ya kusikia mbao zikilia. Na hakuna anayeruka. Mtu wa kwetu akiona gati anataka kuruka na mkungu wake kichwani, kana kwamba nchi kavu itakimbia. Nimewavua majini wengi wa namna hiyo. Kila mmoja aliulizia kwanza mkungu.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache na kila kimoja kilikuwa na tabia yake. Nanga ilikuwa ya makucha manne, fundi aliikunja kwa nondo za nyumba. Pondo lilikuwa mti mrefu wa kusukumia kwenye maji haba. Na bildi, hiyo niliipenda kuliko vyote. Ni kipande cha risasi kilichofungwa kwenye kamba yenye mafundo, unakishusha kupima kina. Ishengoma aliyeyusha risasi ya betri kuukuu ndani ya kopo, akaacha tundu chini yake. Tundu lile unalijaza sabuni ya mche iliyolowa. Bildi ikigusa chini, sabuni inanasa kidogo cha kilichopo, nawe unakivuta juu na kukitazama. Kama ni matope meusi, nanga itateleza. Kama ni mchanga wenye changarawe, itashika. Ishengoma alisema nahodha anayetia nanga bila kutazama sabuni ni sawa na mtu anayelala nyumba ya ugenini bila kujua mwenyewe ni nani.

Ishengoma hakusema hivyo kama fumbo. Alimaanisha hasa. Kabla ya kushusha nanga, popote, alivua kofia akasema "Hodi" kuelekea majini, kwa sauti ya kawaida, kama mtu aliyefika mwisho wa migomba ya jirani. Halafu alingoja kidogo. Halafu aliishusha nanga, hakuitupa. Alichukia sana nanga inayotupwa.

Mara ya kwanza nilicheka. Mimi ni Mkatoliki, nimesomeshwa katekisimu na padri mkali, nikamwambia maji ni mali ya Mungu peke yake.

"Ni kweli," akasema. "Na nyumba ya baba yako ni mali ya Mungu pia. Unaingia bila hodi? Sema tu. Hodi haigharimu."

Nilianza kusema hodi ili tusigombane. Kisha nikaizoea. Baadaye, kama mtakavyoona, niliisema kwa kuogopa.

Kuhusu mafunjo niseme moja, kwa sababu ni kosa la kila mtu wa hapa. Mchana mmoja tulingoja upepo utulie, na Ishengoma akaniachia nifunge mashua mahali ninapopenda. Nikaifunga kwenye mafunjo mazito, marefu, yenye ndege wake na viota vyake, nikalala chini ya tanga. Nilipoamka kanisa lilikuwa limehama. Mnara wa Walutheri ulio juu ya kilima, ambao niliuacha mkono wa kulia, ulikuwa mkono wa kushoto, na kila kitu kilikuwa kimya, kamba yangu imekaza vizuri kabisa kama nilivyoifunga. Ishengoma alikuwa macho muda wote, anatafuna. Kisiwa cha mafunjo kilikuwa kimeng'oka na kututembeza ziwani polepole, sisi na ndege wake. "Kitu kinachoota si lazima kiwe na ardhi," akasema. Tangu siku hiyo sifungi kwenye mafunjo kabla ya kuyatoboa kwa pondo. Pondo likipita na kuelea upande wa chini, ondoka hapo.

Ishengoma alirudi kwao Muleba akiwa mzee sana, akaniachia bildi na kofia. Kofia sikuivaa, kilikuwa na harufu ya kahawa kile kitu.

Kisha zikaja zile mvua ambazo wote mnazikumbuka. Ziwa lilipanda, na liliposhiba halikushuka. Lilichukua gati la zamani, likachukua njia, likachukua vibanja vya bondeni. Sasa kibanja kwetu si shamba tu. Ni migomba na mibuni, na nyumba katikati, na wazee waliozikwa nyuma ya nyumba, wanaolala pale pale walipolima. Mtu akipoteza kibanja hajapoteza ndizi peke yake.

Kibanja kilichokwenda chote kilikuwa cha Ma Kokugonza, mama mjane, Mlutheri, mwimbaji wa kwaya mpaka meno yalipokwisha. Mume wake, mzee Kamugisha, alizikwa uani zamani kidogo, kaburi la udongo lililozungushiwa mawe, na mlamula mmoja kichwani. Mlamula mnaujua, ule mti wa mipaka na makaburi usiokufa hata ukichomekwa vibaya. Nyumba ilianguka, migomba ikaoza, mibuni ikabaki vijiti. Mlamula ukaendelea kuota juu ya maji, majani mabichi, peke yake. Kijana wake Respicius akamchukua mama kwenda kukaa naye Ndama, mlimani.

Gati jipya lilijengwa karibu na hapo, na asubuhi zenye ukungu hakuna aliyeweza kulikaribia salama. Ilibidi tutie nanga nje kidogo, tungoje ukungu uondoke. Tulijaribu kila mahali. Karibu kote nanga iliburuzika kwenye matope. Siku moja nikashusha bildi mbele ya mlamula, sabuni ikaleta udongo mwekundu mgumu. Nikasema hodi, nikashusha nanga. Ilishika papo hapo, kwa namna ambayo sijawahi kuiona. Haikujikokota hata kidogo. Ilishika kama imepokelewa.

Na wakati wa kuondoka ndipo nilipopata baridi ya kwanza. Nanga iliyoshika sana ni kazi kuing'oa, mnajua, watu wawili mnavuta mpaka mgongo unalia. Mimi na Audax tulijiandaa kuvuta, kamba ikaja yenyewe nyepesi mikononi, kama kuna mtu chini aliyeinyanyua na kutupatia. Audax alinitazama. Nikamwambia apandishe tanga.

Ikawa hivyo kila siku. Inashika inapotakiwa, inaachia inapotakiwa. Nahodha gani atalalamika? Lakini kulikuwa na ile sauti. Asubuhi ya ukungu, hakuna upepo, mashua imetulia, abiria wanasinzia, ukiweka sikio kwenye ubao wa ngamani, pale chini maji ya kuvuja yanapokusanyika, unasikia shwaa, shwaa, shwaa. Inakwenda, inasimama, inarudi. Nilisema ni mchanga. Audax alisema ni samaki. Mama mmoja wa kliniki aliyekaa chini na mtoto wake akasema, bila hata kuulizwa, "Nani anafagia?" Baada ya hapo hatukusema tena mchanga wala samaki.

Habari za nanga yangu zilifika Ndama, kama habari zinavyofika. Ma Kokugonza akashuka kwa pikipiki, na fimbo yake, amekasirika.

"Shikamoo, Ma."

"Sikuitikii, Deus. Nasikia unamtupia mume wangu vyuma kichwani."

Nikaapa kwamba situpi, nashusha, tena kwa hodi. Hakuniamini. Akataka apandishwe kwenye mashua aone mwenyewe. Tukaenda naye, asubuhi ya jua, maji yametulia. Pale mbele ya mlamula akasimama omo, ameshika mlingoti, akaanza kunyoosha fimbo juu ya maji.

"Hapa ni jikoni. Hapa palikuwa na migomba ya pombe, yangu hasa, si yake. Mlango huu hapa. Huu ni uwanja wa wageni. Yeye analala pale, miguu kwenye mawio." Akanigeukia. "Nanga yako iko wapi?"

Nikamwonyesha kamba inapoingia majini. Akapima kwa macho, hasira ikamtoka usoni.

"Kumbe uko uwanjani," akasema. "Huko ni sawa. Huko wageni wanaruhusiwa."

Akakaa. Maji yalikuwa kimya. Na ile sauti ikaanza, shwaa, shwaa, chini ya miguu yetu, mchana kweupe. Nilitamani asiisikie. Aliisikia. Aliinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza redio ya jirani, na machozi yakaanza kumtoka, ingawa alikuwa anacheka.

"Watu walimcheka sana Kamugisha," akasema. "Mwanamume kufagia uwanja! Kila asubuhi. Alikuwa anasema uwanja ukiwa mchafu ndipo mgeni huja mapema. Mpaka leo hajaacha?"

Nikaweka alama zangu za nchi kavu, kazi ilinisaidia kutulia: mnara wa kanisa juu ya mwamba mweupe wa ukingoni kwa upande mmoja, mkaratusi mkubwa nyuma ya bati la ghala kwa upande mwingine. Mistari miwili inapokatana, hapo ndipo uwanja. Alama mbili hazidanganyi, ndiyo maana nawasisitizia mziweke kila mnapotia nanga. Mkiona mnara unatoka juu ya mwamba, nanga imeachia, hata kama mnahisi mmetulia.

Tulipofika gatini alinishika mkono kabla ya kushuka.

"Deus, mimi sina muda mrefu. Respicius atanizika Ndama, na ni haki yake, mimi siwezi kuzikwa majini kama mzoga wa mbuzi. Lakini nani atalala upande wangu huko? Nataka udongo wake. Kidogo tu. Huo utawekwa pembeni yangu. Wewe unayo ile risasi yako yenye sabuni."

Niseme wazi kwamba nilikataa. Mnajua kwetu mtu anayeonekana na udongo wa kaburi anaitwa nini. Ningebeba udongo ule asubuhi, jioni hakuna ambaye angepanda mashua yangu. Respicius naye, mtu mpole wa kahawa zake, alikuja kwangu mbio kuniomba nisimsikilize mama.

"Ta Deus, waitu, nakusihi, udongo wa kaburi! Watasema nini huko Ndama? Mimi nina watoto wanasoma na watoto wa watu."

Nikamwambia tunakubaliana kabisa. Tulikaa hivyo, wanaume wawili tuliokubaliana, na mama akaacha kula. Hakugoma kwa kelele. Alikuwa anasema tu hana njaa, anaimba nyimbo zake za kwaya, anakonda. Mwisho Respicius akarudi kwangu, amechoka, akasema mama ametuma neno.

"Amesema mchawi huchukua kwa siri. Sisi tutachukua mchana, kwa hodi, watu wakiona."

Hilo sikuweza kulipinga.

Tulikwenda asubuhi, siku ya soko, gati limejaa watu, wote wakitazama. Kulikuwa na ukungu mwembamba unaoondoka. Audax alishika pondo, mimi nikashika bildi, Respicius akamshika mama. Ma Kokugonza alikuwa na kikapu kidogo alichofuma mwenyewe, kimetandikwa kitambaa cheupe. Nilifuata alama zangu, mnara juu ya mwamba, mkaratusi nyuma ya bati, nikashusha nanga uwanjani. Ikapokelewa kama kawaida. Nikaachia kamba taratibu mpaka mashua ikasogea na kukaa karibu na mlamula. Ile sauti ya chini haikuwepo. Nilitega sikio, hakuna. Ukimya ule ulinitia hofu kuliko sauti yenyewe.

"Hodi, Kamugisha," akasema mama.

Nikajaza sabuni, nikashusha bildi. Ikaleta udongo mweusi. Mama akaunusa. "Majivu. Umekwenda jikoni." Audax akasukuma kidogo. Nikashusha tena, ikaleta matope yenye nyuzi. "Migomba yangu hiyo. Sogea kwenye mti." Tukasogea mpaka majani ya mlamula yakagusa tanga.

Niliposhusha mara hii, kamba ilisimama mapema kuliko kina kilivyotaka. Ilisimama na kukaa, nzito kidogo, kama inapimwa na mtu. Kisha ikalegea. Nikaivuta polepole.

Sabuni ilikuwa na udongo mwekundu. Na juu ya udongo kulikuwa na nyasi.

Msiniambie ni nyasi za ziwani, nazijua zote. Zilikuwa nyasi za mlimani, zile nyembamba laini ambazo wanawake wetu hukata na kutandika sakafuni mgeni wa heshima anapotarajiwa. Mbichi. Zimekatwa kwa kisu, mwisho wake umenyooka, na utomvu wake bado unanata. Chini ya maji yale, ambako jua halijafika tangu mafuriko. Respicius alizichukua, akazinusa, akanirudishia upesi. Audax alifanya ishara ya msalaba, na Audax ni Mlutheri.

Ma Kokugonza hakushangaa. Alizilaza juu ya kitambaa pamoja na udongo, moja moja.

"Ndiyo maana hafagii leo," akasema. "Amemaliza. Ameshatandika." Akainama ukingoni, akasema kwa Kinyambo, taratibu, maneno ambayo mke humwambia mume aliyechelewa shambani: acha hiyo kazi, twende nyumbani.

Nilishusha bildi mara nyingi zaidi, kikapu kikajaa. Nyasi hazikuja tena. Tulipoondoka nanga ilikuja nyepesi kama kawaida, nyepesi kuliko kawaida, nami nikaitazama kwa muda kabla ya kuiweka chini. Gatini watu walitupisha. Mama alipita katikati yao na kikapu chake kifuani, akiwasalimia mmoja mmoja kwa majina, na hakuna aliyethubutu kusema lile neno tuliloliogopa. Jioni ile alikula.

Alikufa msimu wa kahawa, usingizini, kikapu kiko chini ya kitanda. Tulimzika Ndama nyuma ya nyumba ya Respicius, miguu kwenye mawio. Udongo ukawekwa mkono wake wa kulia, ukafanyiwa tuta dogo, na Respicius akachomeka tawi la mlamula nililomletea kutoka ziwani. Mchungaji aliliona tuta. Alikohoa kidogo, akaendelea na sala, na alipofika kwenye baraka mkono wake uliyafunika yote mawili. Nililia siku ile kama mtoto, sijui kwa ajili yake au kwa ajili ya wote wawili.

Baada ya msiba nikarudi kazini. Asubuhi moja ya ukungu mwembamba, alama zikionekana kwa taabu, nikafika mbele ya mlamula, nikasema hodi, nikashusha nanga kwenye alama zangu zile zile. Kamba ikakaza, kisha ikaanza kutetemeka kwa namna ile mnayoijua wote, mtetemo wa makucha yanayopita kwenye matope. Mnara ukatoka juu ya mwamba. Nikaivuta, nikaishusha tena. Ikaburuzika tena. Audax akailaani nanga na fundi wake. Nikashusha bildi: matope meusi, kama kila mahali. Nikaweka sikio ngamani. Maji tu. Tulifika karibu na mafunjo kabla ya kupata upepo wa kututoa, na abiria mmoja akapoteza mkungu wake.

Nilidhani nimekosea alama, uzee huo. Siku niliyopumzika nikaenda Ndama kumsalimia Respicius. Nilipitia nyuma ya nyumba kuona kaburi, na nikasimama. Ardhi ilikuwa imefagiwa. Si kando ya kaburi tu. Uwanja wote, kutoka kwenye lile tuta dogo mpaka mlangoni, mistari ya ufagio imelala sambamba, hakuna jani hata moja la mgomba, na mistari haikukanyagwa. Tawi la mlamula lilikuwa limeshachipua.

Nikamsifu mke wa Respicius kwa usafi. Akamtazama mumewe.

"Ta Deus," akasema, "sisi tulidhani ni wewe unayepita asubuhi."

"Mimi nalala ziwani, mama. Nifike Ndama alfajiri kwa mabawa?"

Respicius alikuwa anachambua kahawa, hakuinua kichwa. "Tunasikia ufagio," akasema. "Tukifungua mlango hatumwoni mtu. Watoto wamezoea, wanasema shikamoo."

Nilikunywa togwa yao, nikaaga, nikateremka mlima nikiwa na furaha ambayo sikuwahi kuipata kazini. Maisha yangu yote nimeogopa nanga inayoburuzika. Ile moja tu ndiyo niliyoifurahia.

Basi Audax, na ninyi wenzake, hilo ndilo jibu. Asubuhi za ukungu tieni nanga kando ya mwamba mweupe, ambako kuna changarawe kidogo. Achieni kamba ndefu, wekeni alama mbili, tazameni sabuni, na hodi msiache popote. Mbele ya mlamula msijisumbue kubisha. Mwenye nyumba amehama.